Mtihani wa Udahili na Uchaguzi wa Vyuo vya Tiba Nchini Uingereza: Suala la Usomaji

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Katika suala tunalolijadili hapa methali hii inapinduka, kwani asiyechagua jembe kwa makini huenda asilime msimu mzima. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kijana anayetaka kusomea udaktari nchini Uingereza anavyoamua ni vyuo vipi atakavyoviomba nafasi, akiongozwa na alama alizozipata katika mtihani wa udahili.

Huenda msomaji akauliza ni kipi kilichomsukuma mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kuingilia mambo ya matabibu. Jibu letu ni kwamba uamuzi huu, ukichunguzwa kwa makini, ni suala la usomaji wa matini kabla haujawa suala la sayansi. Sehemu ya lugha ndiyo iliyokuwa na wastani wa chini kabisa katika mtihani huo miaka ya karibuni. Hata baada ya mtihani, mwenye alama nzuri za biolojia na kemia anaweza kupoteza mwaka mzima kwa sababu tu hakuyasoma ipasavyo maelezo ya chuo alichokiomba. Aidha, jambo lenyewe halituhusu kwa mbali tu. Humu nchini, katika miji kama Nairobi na Mombasa, zimo shule zinazofuata mtaala wa Uingereza, na baadhi ya wahitimu wake huomba nafasi huko kila mwaka huku wazazi wao wakijiandaa kulipa karo ya kutisha.

Ni vyema kuieleza mipaka inayombana mwombaji kabla ya kwenda mbali. Maombi yote hupitia asasi moja iitwayo UCAS. Fomu ina nafasi tano, lakini zinazoweza kujazwa kozi ya tiba ni nne tu. Siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi ya tiba ni tarehe 15 Oktoba, miezi kadhaa kabla ya tarehe inayowekewa kozi nyingi nyingine. Mtihani wa udahili nao hufanywa mara moja tu katika msimu mmoja wa maombi, na alama zake hazihifadhiwi kwa matumizi ya msimu ujao. Aliyeanguka au aliyechagua vibaya hana budi kungoja mwaka mwingine na kuufanya upya.

Alama kabla ya uamuzi, uamuzi kabla ya alama

Kwa muda wa miaka kumi na saba hivi, Uingereza ilikuwa na mitihani miwili mikuu ya udahili wa tiba kwa wanaotoka shule za sekondari. Wa kwanza ulikuwa BMAT, ulioanza mwaka 2003 na kutumiwa na vyuo vichache, vikiwemo Oxford, Cambridge, Imperial College, UCL na Leeds. Wa pili ulianza mwaka 2006 kwa jina la UKCAT, ukabadilishwa jina mwaka 2019 na kuitwa UCAT. Huu wa pili ndio uliotumiwa na vyuo vingi zaidi. BMAT ulifanywa kwa mara ya mwisho Oktoba 2023, na vyuo vilivyoutegemea vikahamia UCAT kwa wanafunzi wa kuanza masomo mwaka 2025. (Ipo pia GAMSAT, yenye asili ya Australia, ambayo baadhi ya vyuo huitumia kwa waombaji wenye shahada tayari. Hiyo hatutaishughulikia hapa.)

Tofauti ya mitihani hii miwili iliyokuwa na uzito kwa mwombaji haikuhusu maswali pekee, bali pia wakati. UCAT hufanywa kwa kompyuta kati ya Julai na mwishoni mwa Septemba, na mtahiniwa huzijua alama zake siku hiyo hiyo. Anazo wiki kadhaa za kuzitafakari kabla ya tarehe 15 Oktoba. Vyuo vyenyewe hupelekewa alama hizo mwezi wa Novemba, baada ya maombi kufungwa. BMAT, kwa upande wake, ulifanywa kwa miaka mingi baada ya fomu kuwasilishwa. Mwombaji alitaja Oxford au Imperial bila kujua angepata nini, akawa kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, isipokuwa hapa aliyemfunga mbuzi gunani alikuwa yeye mwenyewe.

Hali hii si ngeni kwa msomaji wa Kenya. Enzi za Bodi ya Pamoja ya Udahili, ile tuliyoizoea kwa jina la JAB, mwanafunzi wa kidato cha nne alichagua kozi kabla hajaufanya mtihani wa KCSE, kisha akasubiri kipindi cha marekebisho. Wapo walioandika udaktari kwa ujasiri wa mwezi Machi na kuujutia ujasiri huo mwaka uliofuata. KUCCPS, iliyochukua nafasi ya bodi hiyo baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huwapa watahiniwa fursa ya kuchagua wakiwa na matokeo yao mkononi. Kwa hiyo kufa kwa BMAT kulisukuma udahili wa Uingereza kuelekea upande ule ule. Tunaona kuwa hilo lilikuwa la haki zaidi, ingawa lilimwongezea mwombaji mzigo mpya: sasa hana kisingizio. Alama anazijua, na akichagua vibaya, amechagua akiona.

Kweli, si kweli, au haiwezekani kujua

Tangu mwaka 2025 UCAT una sehemu nne. Ya kwanza hupima ung'amuzi wa matini, ya pili ufanyaji wa maamuzi kwa kutumia mantiki, ya tatu ung'amuzi wa hesabu, na ya nne hupima jinsi mtahiniwa anavyopambanua lipi linafaa kutendwa katika mazingira ya kazi ya tiba. Sehemu tatu za kwanza hupewa alama kati ya 300 na 900 kila moja, na ile ya mwisho hupewa madaraja kuanzia la 1, ambalo ndilo bora, hadi la 4. Hakuna swali hata moja linalomtaka mtahiniwa aelezee moyo unavyosukuma damu.

Sehemu inayotuvutia sisi wanafunzi wa lugha ni ya kwanza. Mtahiniwa hupewa matini 11, kila moja na maswali manne, na dakika 22 za kuyajibu yote. Hiyo ni dakika mbili kwa matini moja pamoja na maswali yake. Baadhi ya maswali hutoa kauli na kumtaka mtahiniwa aamue kama kauli hiyo ni kweli, si kweli, au haiwezekani kujua, kwa kutegemea matini iliyo mbele yake pekee.

Tutoe mfano wetu wenyewe. Tuseme matini inasema hivi: "Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwani Pemba. Karafuu huchumwa kwa mkono, kisha huanikwa juani kabla ya kuuzwa." Kauli ya kwanza: "Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka nje ya Pemba." Hii si kweli, kwani inapingana na matini moja kwa moja. Kauli ya pili: "Karafuu huanikwa kabla ya kuuzwa." Hii ni kweli. Kauli ya tatu: "Wakazi wengi wa Pemba huishi kwa kutegemea karafuu." Hapa ndipo penye mtego. Msomaji aliyezaliwa Wete, ambaye amekulia katika harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, atataka kujibu kuwa ni kweli. Jibu linalotakiwa ni kwamba haiwezekani kujua. Matini haikusema lolote kuhusu riziki ya wakazi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, zoezi hili ni adhabu ya aina yake. Darasani tunafundishwa kusoma kilichofichwa, kulihusisha shairi na mazingira ya mtunzi, kumsikia mhusika anaponyamaza. Mhakiki anayeishia kwenye maneno yaliyoandikwa tu tunamwona mchanga. Katika UCAT mambo ni kinyume. Kuleta maarifa ya nje ni kosa, na kuisoma kimya ya matini ni kosa zaidi. Wahakiki wa umaumbo, waliosisitiza kuwa kazi ya sanaa ijitosheleze bila kuegemea historia wala maisha ya mwandishi, wangeupenda sana mtihani huu, ingawa labda wasingeupenda mwendo wake.

Je, usomaji wa namna hii una maana yoyote kwa daktari? Tunaamini upo upande mmoja wenye maana. Daktari anayesoma ripoti ya maabara hana budi kutenganisha kilichoandikwa na anachokidhania. Mgonjwa akisema "tumbo linaniuma tangu jana", hakusema amekula nini. Lakini upande wa pili haupimwi kabisa. Mkongwe wa Lamu akimwambia daktari kuwa "mwili umechoka", kauli hiyo haitoi majibu matatu ya kuchagua. Inahitaji msikilizaji anayejua kuwa maneno hayo yanaweza kubeba homa, huzuni, au vyote viwili. Mtihani huu unapima nusu ya usomaji, na nusu hiyo unaipima kwa saa inayokwenda mbio.

Takwimu nazo zinaonyesha ugumu wake. Mwaka 2023, wastani wa sehemu hii ya matini ulikuwa 591, ilhali wastani wa hesabu ulikuwa 649. Ikumbukwe kuwa wengi wa watahiniwa hao walisomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni. Anayekisoma Kiingereza kama lugha yake ya pili au ya tatu anaingia katika dakika hizo mbili akiwa na kazi ya ziada. Ushauri wetu kwake si kujifunza misamiati migumu, maana maswali hayajengwi juu ya misamiati. Ni heri azoee kuisoma kauli kwanza, kisha aitafute katika matini, na aliogope kila neno linalozidisha au kupunguza: "wote", "baadhi", "huenda", "kamwe". Mwanafunzi wa sarufi anajua vyema kuwa "huenda" linaweza kuigeuza sentensi nzima. Mazoezi rasmi yamo bila malipo katika tovuti ya UCAT yenyewe, na ni vyema yamalizwe kabla ya mzazi kutoa hata shilingi moja kwa wauzaji wa kozi za maandalizi.

Alama moja, wasomaji wengi

Tuchukulie sasa kuwa mtahiniwa ametoka chumba cha mtihani na alama 2040 kati ya 2700. Je, ni nzuri? Swali hili halina jibu mpaka ijulikane ni nani atakayeisoma alama hiyo. Hapa ndipo kiini cha uchaguzi kilipo, kwani vyuo havifanani hata kidogo katika matumizi ya namba hiyo moja.

Vipo vyuo vinavyowapanga waombaji kwa alama za UCAT na kuwaita kwenye usaili kuanzia juu kushuka chini mpaka nafasi ziishe. Bristol kwa miaka kadhaa imejulikana kwa utaratibu huo. Vingine huweka kizingiti: Newcastle ni mfano uliozoeleka. Anayekivuka huendelea, asiyekivuka hurudi nyumbani, hata kama ana alama za juu kabisa katika masomo yake. Vingine huchanganya. Oxford na Birmingham, mathalani, zimekuwa zikiziweka alama za mtihani wa udahili pamoja na matokeo ya GCSE ili kupata jumla moja, hivyo mwenye GCSE nzuri sana anaweza kusamehewa udhaifu wa wastani katika mtihani. Kisha kuna masharti madogo madogo yanayojificha katika aya za mwisho za maelezo ya chuo. St George's ya London iliwahi kudai mwombaji asipungukiwe na alama 500 katika sehemu yoyote. Vyuo kadhaa humkataa moja kwa moja aliyeangukia daraja la 4 katika sehemu ya mazingira ya kazi, awe na alama gani kwingineko.

Neno "kizingiti" tumelitumia kwa makusudi. Wapo wanaopendelea kusema "alama ya kukatia", lakini kizingiti kinaelezea hali vizuri zaidi. Katika nyumba ya Kiswahili kizingiti huvukwa kwa mguu, na aliyekivuka bado hajakaribishwa kiti. Vivyo hivyo, kukivuka kizingiti cha UCAT humfikisha mwombaji kwenye usaili tu, si kwenye nafasi ya kusoma. Baadhi ya vyuo, baada ya hatua hiyo, huweka alama za UCAT kando kabisa. Vingine huzirudia wakati wa kuamua kati ya waliolingana katika usaili. Hili nalo ni jambo la kuliulizia.

Sasa turejee kwa mtahiniwa wetu wa 2040. Tuseme alipata 580 katika matini, 700 katika maamuzi na 760 katika hesabu. Mwenzake naye ana jumla hiyo hiyo, ila yeye ana 690, 680 na 670. Mbele ya chuo kinachoangalia jumla, wawili hawa ni sawa. Mbele ya chuo kinachoangalia kila sehemu, si sawa. Mwenye GCSE za kung'ara anapaswa kuelekea kwenye vyuo vinavyochanganya. Mwenye GCSE za wastani na alama ya UCAT ya juu anapaswa kukimbilia vile vinavyopanga kwa UCAT peke yake, maana huko historia yake ya zamani haitamfuata. Huu ndio uchaguzi tunaouita wa kimkakati. Hauanzii kwenye jina la chuo wala uzuri wa majengo yake. Tunajua wazazi wengi hawatafurahi kusikia hivyo, kwa kuwa jina la Oxford hutamkika kwa urahisi harusini.

Namba zilizozeeka

Kuna kosa moja ambalo linastahili kuelezwa peke yake kwa sababu ni jipya. Hadi mwaka 2024, UCAT ulikuwa na sehemu nyingine iliyohusu ruwaza za maumbo, na jumla ya alama ilikuwa 3600. Sehemu hiyo iliondolewa mwaka 2025, na jumla ikashuka hadi 2700. Kwa hiyo alama 2700, ambayo mwaka 2024 ilikuwa juu ya wastani tu, sasa ni alama ya ukamilifu ambayo haizidiki. Anayesoma maelezo ya zamani yanayosema chuo fulani kilihitaji 2800 atadhani ameambiwa jambo lisilowezekana. Na anayechukua kizingiti cha zamani na kukilinganisha na alama yake mpya atakata tamaa bure.

Njia ya kuliepuka kosa hili ni kuziacha namba tupu na kutumia desili. Desili ni mipaka inayowagawa watahiniwa wote wa mwaka husika katika mafungu kumi yaliyo sawa. Alama iliyo kwenye mpaka wa desili ya nane imezidi alama za watahiniwa wanane kati ya kila kumi. Wasimamizi wa UCAT hutoa takwimu za awali mwezi Septemba, kabla ya maombi kufungwa. Mwombaji akijua yuko desili ipi, anaweza kuuliza kizingiti cha mwaka uliopita kilikuwa katika desili ipi, na ulinganisho huo unasimama hata kama jumla imebadilika.

Hata hivyo, kizingiti cha mwaka jana si ahadi. Hakuna anayekipanga mwezi Agosti na kukitundika mlangoni. Mara nyingi hutokana na waombaji wenyewe: chuo hupokea maombi, hutazama kina nafasi ngapi za usaili, na mstari huangukia pale nafasi zinapoishia. Chuo kilichokuwa na kizingiti cha chini mwaka jana huvutia umati mwaka huu kwa sababu hiyo hiyo, na kizingiti kikapanda. Kwa hiyo si busara nafasi zote nne kupelekwa kwenye vyuo ambavyo mwombaji amevivuka kwa alama kumi tu. Mmoja au wawili wa kujaribu bahati, sawa. Waliobaki wawe na nafasi ya kupumua.

Mwombaji kutoka nje na mstari wa tano

Yote tuliyoyaeleza yanambana zaidi anayetoka nje ya Uingereza. Katika vyuo vya tiba vya Uingereza kwa maana ya nchi ya England, serikali imeweka kiwango cha asilimia 7.5 ya nafasi kwa wanafunzi wa kimataifa. Matokeo yake ni kwamba vyuo vingi huwashindanisha waombaji hao wao kwa wao, na kizingiti chao huweza kuwa tofauti kabisa na kile cha wenyeji. Kijana wa Nairobi anayesoma jedwali la vizingiti hana budi kuhakikisha kuwa anausoma mstari unaomhusu. Vilevile, nafuu ya ada ya mtihani wanayopewa wenye mapato duni imelengwa kwa wakazi wa Uingereza, na ada ya anayefanyia mtihani nje ya nchi hiyo ni kubwa zaidi.

Hapa kwetu, kozi ya udaktari katika utaratibu wa KUCCPS inahesabu biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na katika nafasi ya nne Kiingereza au Kiswahili. Mwenye A ya Kiswahili anaweza kuitumia kuingilia kitivo cha tiba. Katika UCAT Kiswahili hakina mlango kama huo, na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri hukaa pembeni wakati mwanawe anapofanya uamuzi utakaoigharimu familia makumi ya maelfu ya pauni kwa mwaka. Ndiyo maana tumejaribu kuyaeleza haya kwa lugha anayoielewa, bila kuacha jambo kwa kisingizio cha uhaba wa istilahi.

Imebaki nafasi ya tano katika fomu, ile isiyoruhusiwa kujazwa tiba. Wengine huiacha wazi ili, wanavyosema, chuo kisidhani hawana nia ya kweli. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa wakati wa kuyapima maombi chuo hakioni vyuo vingine alivyovitaja mwombaji. Wengine hujaza biolojia au sayansi ya tibamaumbile, na wanaponyimwa nafasi zote nne huwa na mahali pa kwenda Septemba. Swali la kujiuliza kabla ya kuujaza mstari huo ni moja tu: kama barua itakayokuja ni ile ya mstari wa tano, je, nitakwenda, au nitabaki nyumbani na kuufanya UCAT tena mwezi wa Julai? Lijibiwe mwezi Oktoba, mzazi na mtoto wakiwa wameketi pamoja.